Maji Haipandishe Kamyo Mulima

Kuko siku moja naikumbuka, mujukuu wangu, na kila mara ikinirudilia damu inachemka sawa vile ni ya jana. Sikuwa na nia ya kuisema. Lakini siku ya Mungu, ya kusali, ulikuya hapa na karatasi yako ya iniversite ya Kasapa, ukanisomea esanse ngapi, mafuta ya moteri, bisi zote za mutaa wetu wa Kenya zitakunywa mwaka unaokuya, na kamyo, na treni, kila kintu na namba yake. Nikakuuliza shofere gani alikuambia. Ukacheka, ukasema, "Nkambo, hatuulize bashofere, tunapiga hesabu." Nilinyamaza juu ulikuwa na chakula mu kinywa. Sasa umemaliza kula. Sikiliza.

Ilikuwa wakati ya vita ya pili ya bazungu, na mimi nilikuwa bibi mupya, mwaka haujaisha tangu niolewe. Tulikaa Kenya hii hii. Esanse ilipotea mu muji huu yote, wakati ule jina Élisabethville. Bazungu bakafunga ku kamyo pipa kubwa ya chuma, bakaiita gazojeni: unajaza makala, makaa ya miti, unawasha, moshi yake inaingia mu moteri na kamyo inatembea. Inatembea na kukohoa sawa muzee mwenye tumbako, lakini inatembea. Bwana yangu, Ngoy, alikuwa shofere wa kamyo ya namna ile. Aliendesha ya muzungu mumoja mwenye kuuzisha samaki: kushuka Kasenga, ku maji ya Luapula, kamyo tupu, kupanda na samaki mubichi ndani ya barafu. Makala tulileta sisi, mimi na mama mukwe wangu, Mama Ngoy, mwenye kuichoma mu pori upande wa Kasungami.

Sasa ule muzungu. Tulimuita Bwana Kipimo. Alipima safari mara moja tu, mu kiangazi, njia kavu, makala kavu, akaandika ku karatasi: kilo mia mbili ya makala kuenda, kilo mia mbili kurudi. Akaipigilia misumari ku mulango ya depo ya kamyo zake. Kuenda na kurudi sawasawa, unasikia? Kushuka tupu na kupanda na samaki, kwake ilikuwa kintu kimoja. Siku Mama Ngoy alisikia vile alicheka mpaka akashika tumbo. Alisema hata mutoto mwenye kuteka maji anajua, ndoo tupu na ndoo yenye kujaa haina njia moja.

Mama Ngoy hakujua kusoma. Alijua makala. Aliangusha kipande ku jiwe akasikiliza: ikilia sawa chuma, ni kavu na ni ya muti mugumu, ikisema pu, ya kutupa. Mimi nilisoma myaka mbili ku misioni, nilijua kusoma mizani, na nilikuwa na kiburi, juu ya nini nikufiche.

Mvula ya kwanza ilikuwa karibu. Mama Ngoy alienda ku pori siku nyingi, akaniachia rundo ya makala nyuma ya nyumba na neno moja: ukiona wingu, funika. Wingu niliona. Nilikuwa kwa jirani, nasukwa nywele, kichwa nusu tayari, nikasema itapita. Haikupita. Nilikuta makala inaogelea.

Kesho yake kamyo ilipashwa kutoka. Muntu mwenye akili angetandika makala ku jua na kumuambia Ngoy angoje. Mimi nilijaza magunia na maji yake, tukaenda ku depo, tukaweka ku mizani. Na angalia mambo: siku zote ilikuwa magunia kumi na mbili, siku ile kumi tu ikafika kilo mia ine. Nilifurahi. Magunia mbili nilirudisha ku jikoni, nikaona niko na bahati kupita bibi zote za Kenya. Maji njo iliongeza kilo, mwanangu. Mimi mwenye kusoma nilisoma maji, nikaiita makala.

Ngoy alishika kipande, akakunja uso. Akaniuliza, "Bibi, itafika?"

Nikamujibu, "Mizani imesema. Ao wewe unajua kupita mizani?"

Akapandisha magunia mu kamyo. Aliniamini, na ile kuaminiwa njo inaniuma mpaka leo.

Siku ya kurudi ikapita. Ya kufuata ikapita. Kumbe kuenda pipa ilikula makala mingi, juu moto ilianza kukausha maji mbele ya kusukuma kamyo. Kurudi, na muzigo, mu mulima kubwa ya njia ya Kasenga, moteri ikakohoa na kunyamaza. Makala iliisha. Ngoy akakata miti mubichi ya kando ya njia, ikatoa moshi ya machozi tu. Siku ya tano kamyo ya bengine ikamuvuta mpaka huku, na harufu ya samaki ilifika mbele yake.

Bwana Kipimo hakuuliza njia ilikuwa namna gani. Aliangalia karatasi yake ku mulango. Karatasi ilisema kilo mia ine inafika. Basi kama haikufika, muntu mweusi ameuzisha makala mu njia. Angalia ile hesabu. Karatasi haiwezi kukosa, basi muntu njo mwizi. Akanyanganya Ngoy buku yake ya kazi, akasema kesho ataipeleka ku biro ya serikali baandike wizi ndani. Na wakati ule, bila kazi, haukuwa na ruhusa ya kukaa ku muji. Bangetufukuza ile juma, sufuria ku kichwa.

Na mimi nikakaa kimya. Andika ile pia ku karatasi yako. Magunia mbili ilikuwa mu jikoni yangu, nikaogopa: bakiiona, batasema njo yenye iliibiwa. Bwana yangu anaitwa mwizi, mimi natwanga sombe, majani ya muhogo.

Mama Ngoy alirudi kutoka pori mangaribi ile. Akaona magunia, akauliza juu ya nini ilibakia. Nikamuambia yote, macho chini, juu kwetu mama mukwe haangaliwe mu macho. Yeye mwenyewe alinishika kidevu, akainua uso yangu.

"Ulipima makala ao ulipima mvula?"

Asubui akasema nibebe gunia moja, yeye akabeba ingine. Tukapita mu Kenya yote, yeye mbele, na sikuambiwa tunaenda wapi mpaka nikaona mulango ya depo, na Ngoy amesimama pale, anangoja buku yake. Kapita, musimamizi wa batumikaji, alitaka kutufukuza. Mama Ngoy akamuuliza, "Baba, mizani yenyewe haiogope mwanamuke, wewe unaogopa nini?" Batumikaji bakacheka, na Bwana Kipimo akatoka kuona kelele ni ya nini. Mama Ngoy akaweka gunia ku mizani. Moto ya jikoni ilikuwa imeikausha siku zile zote, ilikuwa mwepesi sawa kitunga ya manyoya. Kisha akamwanga ndoo muzima ya maji ndani, akaacha itiririke, akairudisha pale pale. Chuma ya mizani ikapanda, bote bakaona.

"Bwana," alisema, "makala imezaa. Sasa washa."

Kisha akanigeukia. "Sema, wewe mwenye kusoma."

Nikashusha gunia yangu chini. Nilisema: "Njo mimi nilikosa. Makala ilinyeshewa, nikaipima na maji yake. Ngoy hakuuzisha hata kipande."

Bwana Kipimo aliangalia mizani. Akatupa buku ku miguu ya Ngoy, alitupa, hakumupa mu mukono, akarudi ndani. Musamaha? Kwa nani? Juma ya kufuata karatasi ikawa na musitari mupya ya mvula, na akabaambia bazungu benzake aliivumbua yeye. Mama Ngoy alimukumbusha ya mulima pia, ya kuenda na kurudi. Hakusikia. Mikono yenye masizi itamufundisha nini? Kamyo zake zikaendelea kulala mu ile mulima mpaka vita ikaisha.

Ngoy hakunipiga, hakunitukana. Ku nyumba alisema tu, "Siku ingine nikikuuliza, shika makala kwanza."

Basi, mwanangu. Bazee banasema mwenye kuuliza hapotee. Namba si mubaya. Nilichuuza mutaani juu wewe usome. Lakini enda ku parking ya bisi ya Kenya, kaa mbele karibu na shofere, uulize bisi yake inakunywa ngapi ikijaa bantu, mu matope, moteri ikichoka. Na siku hesabu yako itakosa, maana itakosa, sema njo mimi nilikosa, mbele muntu mwingine hajanyanganywa buku. Hii njo inanichukiza sana mu dunia: mwenye kuandika akikosa, mwenye kuendesha njo analala njaa.

Karibia sasa nikupake pemba nyeupe, udongo wa baraka, ku paji la uso, sawa Mama Ngoy alinipaka siku nilizaa baba yako. Mungu na bankambo bakupe kichwa ya kuhesabu, na mukono yenye kushika kintu mbele ya kinywa kusema. Moto yako isizime mu mulima. Enda, na ile karatasi unirudishie yenye uchafu ya matope na ya mikono ya bashofere.