Uzi Mwekundu wa Kikapu cha Tabora

Mwezi uliopita nilipita Mkuyuni, kule kando ya ziwa, kutazama nyumba za reli tulimokulia. Kijana mmoja wa ile reli mpya, kofia ngumu kichwani, akanieleza kwa furaha kwamba siku si nyingi nitatuma mzigo Tabora huku nikiufuatilia kwenye simu. Nilimtazama kwa jicho la pembeni. Mimi, ndugu yangu, nimelelewa na mwanamke aliyeshuku kila kitu kilichopanda treni, na ugonjwa huo niliurithi mzima.

Baba alikuwa fundi wa mabehewa katika reli ya serikali, na enzi hizo hilo lilikuwa jambo kubwa. Nyumba zetu zilipakwa rangi moja, maji hayakukatika, na honi ya treni ndiyo ilikuwa saa yetu. Harufu ya dizeli ilichanganyika na ya sato wanaobanikwa. Tulikimbia kutazama mabehewa yakisukumwa mpaka ndani ya meli, tukiwa na hakika kwamba safari hii itazama. Haikuzama.

Bibi, mama yake mama, aliishi Tabora peke yake. Kila wiki mama alimtumia kikapu cha sato wa kubanika, dagaa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikishona mdomo kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi mwekundu mmoja mrefu. Mbebaji alikuwa jirani yetu, gadi wa treni, mtu wa kitambi na kicheko kikubwa; akifika stesheni ya Tabora aliita jina la bibi, naye bibi akaja kukichukua. Mama hakumwamini hata kidogo.

"Tumbo lile halikujazwa na mshahara," alikuwa akisema.

Basi yeye na bibi walikuwa na utaratibu wao. Bibi hakuukata ule uzi. Aliufumua taratibu, akauviringa na kuurudisha ndani ya kikapu pamoja na asali na karanga. Kikapu kikifika, mama aliiweka asali kando bila kuitazama, akaunyoosha uzi mezani na kuupapasa mwanzo hadi mwisho akitafuta palipokatwa. Hakupapata. Badala ya kutulia, alizidi kushuku: labda gadi naye ana shazia. Sisi watoto tulimwamkia shikamoo huku tukimnusa mikono.

Kisha reli ikaanza kuchoka. Treni ya asubuhi ikawa ya jioni, ya jioni ikawa ya kesho, rangi ya nyumba ikabanduka na hakuna aliyekuja kuipaka. Wakubwa walisema ni vipuri; mama alisema kuna watu wanakula. Kila kikapu kilipochelewa, gadi alinuniwa.

Siku moja akasimama mlangoni na kikapu mkononi. Mama akakipokea, akageuza mdomo wake kuutazama. Mshono ulikuwa wake mwenyewe, haujaguswa. Samaki walikuwa wameshaharibika ndani.

"Tabora hakuja mtu, shemeji," gadi akasema. "Nimekirudisha kama ulivyonipa."

"Uliita vizuri?"

"Niliita jina la mama yako mpaka treni ikaondoka."

Mama akakaa sakafuni. Treni ilipogeuza, gadi alimpakia kwenye behewa lake mwenyewe. Mama alimkuta bibi kitandani, hawezi kuinuka, akamuuguza mpaka alipomzika. Ningependa kukwambia kwamba aliporudi alimwomba gadi radhi. Hakuweza. Alimpelekea sato kwenye kikapu kilicho wazi, bila uzi, na gadi akapokea bila kucheka.

Hadi leo inanichoma. Angekuwa mwizi kama tulivyomdhania, angewala wale samaki akanyamaza, na mama angeendelea kushona vikapu wakati bibi anakufa peke yake.

Sasa gadi hayupo, mama hayupo, na ukutani kwetu pamechorwa alama nyekundu ya kubomolewa. Nikamuuliza yule kijana, mzigo ukifika na asitokee mtu wa kuupokea, inakuwaje?

"Unapata meseji, mama. Mfumo unatuma wenyewe."

"Na nani anaita jina?"

Akarudia, kwa upole na polepole zaidi, kwamba mfumo unatuma wenyewe.