Mawe Matano ya Kupumzikia

Juzi jino liliniuma, nikakumbuka jino jingine, lile la utotoni, lililonivimbisha shavu mpaka jicho likafunga. Bibi alinipeleka Kibondo kung'olewa. Tuliondoka alfajiri na viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa, na mimi sikuweza kula hata kimoja, akavila vyote yeye, akisema anavionea huruma vitapoa. Tulipofika tukakuta foleni ndefu. Bibi akapita mbele moja kwa moja. Watu wakapiga kelele. Akageuka, mikono kiunoni: "Nyie mmetoka tambarare. Sisi tumeshuka mlima!" Na utashangaa, walimpisha.

Ndivyo alivyokuwa. Ule mlima wetu, upande wa Makere huko, ulikuwa kama cheo chake. Kuupanda kulikuwa na mawe matano, makubwa, yamelainika kwa kukaliwa, na desturi yetu ilikuwa kwamba mwenye mzigo haliruki jiwe hata moja. Unatua tenga, unakaa, unasema, "Ahsante mlima," ndipo unaendelea. Ukiruka jiwe, unaonekana huna adabu. Bibi alikuwa akiwaambia wa bondeni, "Kwenu mnapumzika mara ngapi? Hata moja? Basi hicho ni kichuguu." Shule sikukaa sana, madarasa matatu tu, lakini kipimo hicho nilikielewa kuliko vyote vya mwalimu.

Sasa, siku moja mwenyekiti wa kijiji akatuita mkutanoni. Akasema anakuja bwana mpimaji, atapima vilima vyote huku. Kitakachoonekana ni mlima, sehemu ya juu itakuwa msitu, jembe halipiti. Kitakachoonekana ni kilima, watu waendelee kulima.

Shamba la maharage la bibi lilikuwa juu kabisa, kupita jiwe la tano. Ndilo tulilokuwa tukila. Halikuwepo jingine.

Jirani yetu, mama mmoja wa bondeni aliyetukanwa vichuguu miaka yote, akaangua kicheko. "Haya bibi, mwambie mpimaji unapumzika mara ngapi!"

Jioni ile bibi, akichagua maharage kwenye ungo, alituamuru nyumba nzima: mpimaji akiwepo, hakuna kukaa. Hakuna kuhema. Hakuna kuutaja mlima. "Tunapanda kama tunakwenda chooni," akasema.

Mpimaji akaja. Kijana mwembamba, viatu vizuri, na kidude cha miguu mitatu chenye jicho la kioo. Akasalimu "Mwakeye" kwa Kiha cha kubahatisha, bibi akampenda hapo hapo, jambo lililomuudhi mwenyewe. Akaeleza kwamba urefu unahesabiwa kuanzia usawa wa bahari. Bibi akauliza, "Huko baharini nani aliwahi kubeba tenga mpaka hapa?" Kijana akakiri hamjui mtu kama huyo.

Tukapanda. Ah, ningependa ungemwona bibi! Tenga la mbolea kichwani, anapiga mluzi, yeye ambaye alikataza wanawake kupiga mluzi. Mimi nyuma, kifua kinawaka moto. Jiwe la kwanza tukalipita kama hatulijui. Mpimaji akakaa. La pili akakaa. La tatu akalala kabisa, kidude kifuani kama mtoto mchanga. Bibi akamsubiri amesimama, tenga kichwani.

"Mnapanda hivi kila siku?" kijana akauliza.

"Hiki? Kijilima tu, mwanangu."

Tulipofika jiwe la tano, sijui nini kilitokea. Nadhani miguu ya bibi haikuwepo mkutanoni. Ikapinda yenyewe. Tenga likatua, bibi akakaa, akafumba macho, akasema kwa sauti, "Ahsante mlima."

Niliona maharage yetu yote yamekwenda.

Mpimaji akamtazama. Bibi akafumbua jicho moja. "Nimekaa kwa ajili yako," akasema. "Umekuwa rangi ya majivu."

Kijana hakucheka. Akaangalia shamba, mistari iliyonyooka, maua meupe. Akauliza taratibu, "Bibi, niambie wewe. Ni mlima au ni kilima?"

Bibi akayaangalia maharage yake. "Kilima," akasema. Sijawahi kumsikia akisema neno kwa shida vile, hata jina la marehemu babu.

Mawe yale hayapo siku hizi. Yamepondwa kokoto, na bodaboda inafika juu bila kuhema. Vijana wanaomiliki bodaboda hizo hawaamini kwamba mtu alishukuru njia. Maharage tuliendelea kuyala, na bibi hakutamba tena kwenye foleni yoyote, akiulizwa anatoka wapi, alisema "huko Makere."

Lakini sijamaliza habari ya mpimaji. Alichungulia kioo chake, akaandika, akala ndizi mbili tulizompa, akafunga miguu mitatu, akaaga. Majibu tutaletewa, alisema. Tukamtazama kutoka juu akishuka. Akakaa jiwe la nne. Akakaa la tatu. La pili. La kwanza. Kushuka huko! Mikono mitupu!

Bibi alikuwa anahesabu kwa vidole mgongoni, nikaviona. Akaongeza na lile tulilolikalia, yakatimia matano. Uso wake wote ulimeta kama siku ile ya foleni.

Mpimaji akavuka kijito, akaenda zake, na hakurudi tena, yeye wala majibu yake.