Kukaba Asiyekuwepo

Jumamosi nilikuwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma kuomba kazi. Nikaambiwa "come next week", kama kawaida, nikaishia uwanja wa basketi. Kocha alikuwa anafundisha wasichana kukaba.

"Kila mtu na mtu wake! Akienda kunywa maji, mfuate!"

Msichana mmoja wa Sudan Kusini alisimama peke yake, mikono ameitanua, mbele yake hakuna mtu.

"Wewe, mtu yako iko wapi?"

"Alirudi Juba kutafuta mama yake, kocha. Vita ikaanza."

"Basi kaba huyu mwingine."

"Na yeye akirudi, atakabwa na nani?"

Kocha akashusha filimbi, akamwacha pale pale.

Mimi na digrii yangu, nchi imeniacha wazi uwanjani. Yule wa Juba, kama yuko hai, bado ana mtu wa kumkaba.