Mama Mbelu na Mulango Yake

Mbelu Yolande, binti ya Tshimanga. Tshimanga ni ule mwenye alitoka Kasai na treni, akachimba shaba miaka makumi tatu ku Musonoi, kampi ya mugodi ya Kolwezi, bila kukosa siku hata moja. Mama yake Mbelu ni Mujinga, mwenye alizalisha batoto ba kampi nzima na mikono tupu. Na Mbelu mwenyewe? Mwaka ule balifukuza bantu ba Kasai mu Katanga, balilala chini ku gare ya Kolwezi, bakingoja treni ya kubarudisha fasi kwenye hata habakuzaliwa, yeye alipika uji ya batoto ba bengine juu ya mawe tatu. Siku treni ilifika, akakatala kupanda. "Kaburi ya baba yangu iko huku. Treni iende." Tangu pale, hakukuwa mugonjwa ku Musonoi mwenye Mbelu hakumuona. Anakuja na kitunga, anashika mukono yako, anaikala mpaka utacheka.

Ni wema ile ilikaribia kumuua.

Kansere ilianzia ku titi ya kushoto. Balimukata Lubumbashi, akarudi akisema kwa bwana yake Mwamba: "Tata, batoto saba balishanyonya yote. Haikuwa na kazi tena." Kisha ikaanza dawa ya ku mushipa, mara sita, kila juma tatu mara moja. Ya kwanza ikamunyoa nywele. Ya pili ikamutia bidonda mu kinywa, hata chumvi ya mboga ya sombe ikamuliza. Kisha ya tatu, munganga wake wa Lubumbashi, Polycarpe, akamuambia:

"Mama, hii dawa inaua kansere, lakini inaua pia baaskari ba damu yako, benye banazuia magonjwa. Juma mbili hizi, kusiwe bageni, kusiwe kushikana mikono. Na joto ya mwili ikipanda mpaka makumi tatu na munane, usingoje hata kuvaa bilato ku miguu. Ukimbie ku lupitalo, kwa banganga."

Josée, bibi ya Beya, mutoto wa kwanza wa Mbelu, aliandika yote mu kaye, daftari yake. Ni mwalimu, anaandika muzuri.

Lakini nani atafunga mulango ya Mbelu? Kila mutu mwenye alionwa naye, alitaka naye kumuona. Asubuhi bamama ba kanisa, muchana bachimbaji na vumbi ya shimo ku magoti, mangaribi jirani yake Mado, mwenye sauti yake inafika mpaka ku mugodi.

"Moyo wenu, mamu!" Mado akamusalimia mu luga ya Kasai, akamushika mikono yote mbili. "Eh! Kichwa inangaa sawa sufuria mupya!"

"Nywele yako ni ya kununua," Mbelu akamujibu. "Yangu itarudi bure."

Josée alisimama ku mulango ya jiko na kaye yake. Bibi ya mutoto hafukuze bageni ba mama-mukwe. Kwa bantu ba Kasai, hata kumutazama ku macho wakati anasema, ni kukosa adabu. Akafunga kaye, akarudia ku moto.

Siku ya tisa kisha dawa ya tatu, Mbelu akaanza kutetemeka. Josée akamupima: makumi tatu na munane na nusu.

"Mama, munganga alisema..."

"Ni malaria," Mbelu akamukata. "Mi na malaria tunajuana tangu utoto. Tata Mwamba, unitafutie kinini."

Mwamba akaileta. Ku Musonoi, nani anapeleka malaria ku lupitalo siku ya kwanza? Mbelu akakunywa. Kesho yake, makumi tatu na tisa. Mado akaleta majani ya kumufukiza. Mangaribi ile, Mbelu akaanza kumuita mama yake Mujinga, mwenye alikufa zamani.

Pale Josée akapiga magoti pembeni ya kitanda. "Mama, unisamehe. Leo nitakukosea heshima." Akasimama, akamugeukia baba-mukwe. "Tata, umubebe. Motokari ya jirani yetu Ngeleka iko inje. Na weye, Mama Mado, utoke mu njia!"

Mado akatoka mu njia, majani yake mu mikono.

Mbelu alilala siku sita ku lupitalo, na serumu ku mukono. Haikuwa malaria: ni mikrobi yenye iliingia mu damu ya kukosa baaskari. Munganga Polycarpe, toka Lubumbashi, akaongea nao ku telefone: dawa ya nne inawezekana, kwa kipimo kidogo, na sindano ya kuamusha baaskari ba damu. Lakini mulango ifungwe. Mbelu akageukia ukuta.

"Basi niache dawa. Mutu wa kufunga mulango yake, amekwisha kujizika."

Mwamba akamufunika bulangeti. Anamujua miaka makumi ine, akajua si saa ya kumubishia. Ni Josée alimuinamia, akajibu pole pole, macho yake mu macho ya mama-mukwe.

"Mama Kanyinda wa koro ya kanisa balimuona na kansere mwezi jana, sawa yako. Munganga anamungoja, yeye hataki kuanza. Juzi alikuja kuniuliza neno moja tu: Mbelu ataendelea?"

"Na ulimujibu nini?"

"Nilimuambia sijui."

"Eti hujui! Mutoto mubaya weye," Mbelu akasema. Akacheka, midomo yake ya kupasuka ikamuuma, akacheka tena. "Enda umuambie nitakamata ya nne."

Siku ya kurudi, Mado na bamama sita balikuwa balishajaa mu lupango ya nyumba na nyimbo. Mbelu akabakia mu motokari, akashusha kioo kidogo.

"Mado! Simama pale pale! Unisalimie na ile sauti Mungu alikupa, hakukupa bure!"

Mado akapayuka "Moyo wenu!" mpaka imbwa ya jirani ikakimbia. Bamama bakaimba toka ku lupango, na hakuna mwenye aliingia mu nyumba.

Mu nyumba, Mbelu akamuikalisha Josée, si chini ku mukeka, ku kiti yake yeye mwenyewe.

"Kanyinda amekubali, anaanza juma hii. Kuona bagonjwa ilikuwa kazi yangu, tangu leo ni yako. Unawe mikono mpaka ku biwiko. Usimushike. Uongee naye ku dirisha, umuchekeshe. Asubuhi na mangaribi bamupime, uandike mu kaye. Na bantu bake bakisema ni malaria, usingoje bamalize kusema. Umupeleke."

"Na bakinikasirikia, mama?"

"Batakukasirikia," Mbelu akasema. "Enda."