Mke wangu alinikataza kumwambia mtoto wetu nilichowafanyia

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nane, mzaliwa wa Morogoro. Naishi Thamesmead, hapa London, mwaka wa ishirini na tatu sasa, naendesha basi. Kanisani kwetu mimi ni mzee wa kanisa, na pengine wapo humu waliowahi kuniona nimesimama mbele nikiomba. Wakinitambua, basi.

Nilikuwa na mke. Nitamwita Mama Anna, na binti yetu wa pekee nitamwita Anna. Si majina yao. Anna alipokuwa na miaka kumi na mbili, mama yake aliondoka nyumbani akaenda kuishi na mwanaume waliyekuwa wakifanya naye kazi ya kutunza wazee. Alinikosea, hilo silifichi. Watanzania wa upande huu wote walijua. Nikiingia dukani, mazungumzo yanakatika.

Haikufika miezi mitano yule mwanaume akamwacha. Jumapili moja Mama Anna akaja kanisani. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa zamu mlangoni. Alikuwa amelowa mvua, amekonda, akaniambia taratibu, "Baba Anna, sikuja kudai kurudi nyumbani. Nimekuja kusali, na nimwone mtoto."

Nikamjibu kwa sauti ambayo hata waliokaa viti vya mbele waliisikia, "Hii ni nyumba ya Mungu. Rudi ulikotoka."

Alisimama kidogo, anatazama watu, kama anangoja mmoja aseme neno. Akageuka. Mimi nikaingia ndani nikaimba mapambio kwa nguvu kuliko siku zote. Baada ya ibada mchungaji aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimeliombea jambo lile. Nilimwambia dhambi ni dhambi, kanisa likianza kuichekea halitabaki kanisa.

Hayo watu wazima wanayajua; Anna alikuwa chumba cha nyuma na watoto wenzake, na hakuna aliyemwambia. Wasilolijua ni hili. Hakunipeleka mahakamani, lakini kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya Anna, alimtumia kadi kwa posta. Nilikuwa naiwahi mimi. Sikuzichana. Niliandika juu ya bahasha kwamba mtu huyo hakai hapa, nikairudisha, ili imfikie aumie. Nilifanya hivyo kila mwaka. Mwanzoni Anna alikuwa akiniuliza, "Mama hajaleta chochote?" Namwambia hapana. Mwaka wa tatu akaacha kuuliza. Siku nyingine nilimwambia, "Mama yako alichagua, mwanangu. Tumwachie Mungu." Nilijiona nimesema neno la imani.

Mwaka huu shemeji yangu, mdogo wake Mama Anna anayekaa Ilford, akanipigia simu. "Shemeji, dada ana saratani, imeshaingia kwenye ini. Kama una la kumwambia, usichelewe." Nilitoka kazini na yunifomu yangu nikaenda moja kwa moja hospitali, Lewisham. Nilijiandaa kukuta mtu mwenye hasira. Aliponiona akatabasamu. "Umezeeka, Baba Anna." Nililia mpaka nesi akaniletea kiti. Nilimwomba msamaha kwa yale ya mlangoni. Akasema, "Nami unisamehe. Mimi ndiye niliyeanza kuivunja nyumba." Kisha akasema, "Niletee Anna. Nimwone tu."

Anna sasa ana miaka ishirini na tatu. Kiswahili anakielewa, lakini siku zote hujibu kwa Kiingereza. Jioni ile nilipomwomba twende kwa mama yake, alinijibu kwa Kiswahili, neno moja moja. "Miaka kumi na moja hakuniandikia hata mara moja. Mimi sina mama."

Palepale ningesema. Badala yake nikaenda kulala.

Kesho yake nikarudi wodini peke yangu. Mama Anna alitazama mlango nyuma yangu, akaelewa. Akaniuliza, "Hajui habari za kadi?" Nikasema hajui, ila namwambia leo hii, na akijua atakuja mbio. Akanishika mkono, na hakuwa na nguvu hata ya kushika kikombe. "Usimwambie. Mimi naondoka. Akijua, atakuchukia, na atabaki na nani katika nchi hii? Muache akupende."

Kadi zote zilimrudia zikiwa na mwandiko wangu. Hakuna siku hata moja hakujua ni mimi. Na bado ndivyo alivyosema.

Siku ya pili yake, asubuhi, alifariki. Anna alikuja mazishini kwa ajili yangu. Alikaa pembeni yangu, hakutoa chozi. Tulipotoka makaburini shemeji akanipa mfuko wenye zile kadi, bahasha hazijafunguliwa. Nimeweza kufungua moja tu. "Mwanangu, leo umetimiza miaka kumi na tano. Nilipita karibu na shule yenu nikakuona kwa mbali. Umerefuka." Sijaweza kufungua nyingine.

Wiki iliyopita tunaosha vyombo, Anna akaniegemea begani akasema, "Baba, asante. Wewe hukuniacha." Niliacha maji yanamwagika.

Shemeji anasema niheshimu neno la marehemu. Lakini nikinyamaza, mwanangu ataishi maisha yake yote akimchukia mama aliyempenda. Nikisema, nitakuwa nimelivunja jambo la mwisho aliloniomba, na nitampoteza Anna. Na sijui tena kama huku kunyamaza ni kumtii marehemu au ni woga wangu tu.

Nawauliza wazazi, na zaidi ninyi mliokua mkiamini kwamba mzazi wenu aliwatupa: mngetaka kuambiwa? Msinionee huruma katika kunijibu. Nimpe Anna ule mfuko, au nifanye nini?