Handaki Kutoka Wamagana

Saa nane na dakika kumi mchana ngurumo ya kwanza ilisikika upande wa Nyandarua. Nilikuwa sebuleni kwa mama, Wamagana, nikisoma barua pepe ya kazini. Mnunuzi wetu wa kahawa alikuwa amekubali kuongeza bei, lakini alitaka tuthibitishe kabla ya saa kumi, kutoka anwani ya barua pepe ya ofisi. La sivyo angenunua kwingine.

Mimi ni karani wa chama kidogo cha ushirika. Siku hiyo ofisi yetu mjini Nyeri ilikuwa imefungwa. Kamati nzima ilikuwa kwenye mazishi ya mwanachama, na kwetu ofisi haifunguliwi siku kama hiyo. Waliniachia idhini: bei ile ikija, nikubali. Mimi sikwenda kwa sababu mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, na alihitaji mtu wa kumtia dawa na kumkataza kuinama.

Barua zetu hukaa kwenye kompyuta iliyo ofisini, nyuma ya ukuta wa kinga unaomzuia yeyote aliye nje. Kwa ruhusa ya mwenyekiti nilitumia miezi kadhaa kusoma miongozo ya bure mtandaoni, hadi nikaweza kupitisha handaki, yaani njia ya siri ya mtandao, kwenye ukuta huo. Kila neno linalopita humo husimbwa, hata anayechungulia njiani aone vurugu ya herufi tu, na mlango wa ofisini haufunguki ila kwa ufunguo wa siri uliomo kwenye kipakatalishi changu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemweleza mama haya yote hatua kwa hatua, hata nikamchorea.

Nilikuwa kwenye sentensi ya pili ya jibu handaki lilipokatika. Taa za modemu zilikuwa zimezimika. Mama alikuwa amesimama karibu na ukuta, plagi mkononi. Kioo cha ukutani alikuwa ameshakifunika kwa leso, kisivute radi.

"Mama, umeinama."

"Kidogo tu. Ngurumo haingoji daktari."

"Irudishe, tafadhali. Kuna barua ya wakulima hapa."

"Si ndiyo maana nimetoa?" Mimi ni mwanawe wa pili, nina jina la babake, kwa hiyo huniita baba hata anaponikemea. "Baba, ni wewe ulisema kuna njia kutoka hapa mpaka ofisini. Radi ikiingia kwa hii waya yangu, itafika huko ichome kompyuta ya watu. Nitawaambia nini kanisani?"

"Mlango una ufunguo, mama."

"Na radi huwa inaomba ufunguo?"

Nilianza kumweleza tofauti ya umeme na maandishi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi na plagi mapajani.

"Umeeleza vizuri," akasema. "Sasa tafuta njia haina waya."

Ilibaki simu yangu. Mvua ikinyesha, mtandao wa simu pale hudhoofika, na mahali pekee palipokuwa na nguvu kidogo ni dirishani jikoni. Nilikiweka kipakatalishi juu ya pipa la unga, nikakiunganisha na simu, nikafungua handaki upya. Likakatika. Nikalifungua tena, likakatika. Mara ya tatu lilishikilia, na nikaandika jibu fupi kuliko yote niliyowahi kumwandikia mnunuzi yule. Mama alikuja na kikombe cha chai akasimama nyuma yangu.

"Imefika?"

"Bado."

"Sasa iko wapi?"

"Njiani."

"Hapo Giakanja?"

Giakanja iko kwenye barabara ya kwenda Nyeri mjini. Ningeweza kumsahihisha. Nilimtazama, jicho moja limefunikwa, lile jingine likiufuatilia mstari mdogo uliokuwa ukijaa taratibu kwenye kioo cha kompyuta.

"Ndiyo, mama. Imepita Giakanja."

"Itafika. Kutoka hapo ni lami."

Saa kumi kasorobo mnunuzi aliandika kwamba amepokea jibu langu na mapatano yamekamilika.

Jioni jirani alipita kutueleza kwamba radi imemchomea televisheni. Alipoondoka nilimwambia mama kuwa ile nyongeza ya bei imewapa wakulima shilingi elfu themanini na nne ambazo tungezikosa.

"Na modemu niliyookoa mimi, hujahesabu?"

Ilikuwa imenigharimu elfu nne. Tuliokoa shilingi elfu themanini na nane.