Uyoga wa Posa Uliopasuka Sufuriani

Jamani, mimi nimeaibishwa na uyoga. Mbele ya wakwe. Siku ya posa!

Naitwa Kuang Deshun, fundi majiko, mji mdogo chini ya mlima Changbai. Nilikuwa nimemfia Yinlan, binti wa Mzee Ouyang, tabibu wa mitishamba. Uyoga wa lingzhi, ule mwekundu wa dawa, mzee anautambua kwa kuunusa tu.

Basi nikasema, nitamziba mdomo kwa huohuo.

Kwenye duka la karibu na stesheni nikaukuta: mkubwa kama beseni, mwekundu, unang'aa.

"Wa miaka mia huu," muuzaji akaniapia.

Mshahara wa miezi miwili ukaenda. Hata kuomba apunguze sikuomba.

Ukweni nikafungua boksi kwa mbwembwe. Mzee akaugeuza, akaugeuza tena. Jasho likamtoka.

"Umeutoa wapi?"

"Mlimani, baba. Nimetambaa siku tatu."

Uongo mtupu!

"Mwanaume huyo!" mama mkwe akashangilia. "Naupika na kuku sasa hivi."

"Usiupike!" mzee akaruka. "Huu ni wa kuweka kabatini."

"Baba Yinlan, dawa ya kutazama ndiyo dawa gani? Lete hapa."

Akautumbukiza sufuriani mzima, ulainike ndipo aukate.

Dakika kumi, nyumba nzima ikanuka gundi ya viatu. Supu ikawa kama wino mwekundu. Halafu, pwaa! Uyoga ukaachana vipande vitatu. Katikati, kijiti cha kulia chakula.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Kijana," mama akauliza taratibu, "mlimani siku hizi uyoga unaota na vijiti?"

Yinlan akaficha uso.

Mama akakifuta kijiti. Kilikuwa na pete ya buluu. Akafungua droo, akatoa vijiti vyake. Pete ya buluu vyote. Kimoja hakina mwenzake.

Akamgeukia mumewe.

"Watalii wanapenda vikubwa," mzee akanong'ona.

Yaani mkwe wangu ndiye aliyeuunga kwa gundi, akaliuzia lile duka!

Akanivuta uani. "Wewe hukuununua, mimi sikuuunga. Harusi lini?"

"Nimewasikia!" mama akapaza sauti dirishani. "Kesho wote wawili mlimani. Mkaulete wa kweli."

Tulipanda siku mbili. Magoti yalichubuka. Jioni ya pili tukauona juu ya gogo, mdogo kama sikio la paka. Nikanyoosha mkono.

Mzee akanishika. "Bado mchanga huo. Uache ukue."

Alisema kwa upole ambao sikuwahi kumsikia nao. Hapo ndipo nilipomheshimu kweli.

"Mmeupata?" mama akatupokea mlangoni.

"Tumeuona, tumeuacha," mzee akajibu.

Mama akatazama magoti yetu yaliyochubuka. Kisha akacheka.

"Haya. Harusi mwezi wa kumi."

Wadogo zangu, ukienda ukweni usijitie ujuzi wa kazi ya mkweo. Peleka machungwa, kaa chini, sema ukweli. Mimi nililipa miezi miwili kulijua hilo.